Uyoga nao mtupie jicho, sio kicheche tu

Mhariri salam,

Naomba kanafasi kadogo. Kila ikija stori ya viumbe vinavyokaribia kuisha, picha inayotoka ni ya mnyama mwenye sura ya huruma, na siku hizi anayetamba ni yule kicheche wa miguu myeusi wa Marekani. Sina ugomvi nae. 1979 walishasema kaisha, 1981 mbwa wa ranchi moja huko Wyoming akarudi nyumbani na mzoga wa kicheche, watu wakashtuka kumbe bado wapo, ikaja kufika 1987 wale 18 wa mwisho wote wameshakamatwa wakazalishwe mabandani, na 2020 akazaliwa mmoja wa kloni kabisa, yani nakala ya kicheche wa zamani, katokana na seli zilizogandishwa tangu 1988. Hongera zao.

Sasa njoo kwa uyoga. Milima ya Madonie, kisiwa cha Sicily kule Italia, kuna uyoga mweupe unaitwa Pleurotus nebrodensis, IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, wameuweka kundi la hatari kabisa ya kutoweka tangu 2006, kwa mwaka inayokomaa haifiki 250. Nani kauona kwenye kalenda? Kicheche kamalizwa na tauni na kukosa wale kindi wa mashimoni anaowala, uyoga huu kosa lake ni utamu tu. Watu wanaung'oa ungali mdogo, na spora, yani mbegu zake, zinatoka kwenye vile vijikunjo vyembamba chini ya kofia, tena mpaka ukomae, yani ukiuchuma mapema umeula pamoja na watoto wake.

Najua kuna atakayesema mwili wenyewe si unabaki chini, zile nyuzi zake kwenye mizizi ya mmea unapoota. Kweli, ni kama umechuma tunda ukauacha mti. Ila mti usiodondosha mbegu hata moja siku ukifa ndo basi tena.

Na kinachoniuma ni kwamba huu ungekuwa mwepesi kuusaidia. Kicheche aliyezaliwa bandani inabidi afundwe kwanza kuwinda ndo aachiwe, uyoga nani aufunde? Huko huko Sicily wameshaweza kuuotesha, kwa hiyo mwenye hamu nao ale wa kuoteshwa, wa mlimani auache ukomae.

Siku nyingine mkiweka picha ya kicheche, pachikeni na ya uyoga pembeni, hata kama ni ndogo.

Msomaji wenu