Masuku na kitondo ni vya pori moja

Bwana Mhariri,

Mimi ni mama muuzaji wa soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Mvua zikianza nauza masuku, matunda ya pori, na zikikolea naongeza uyoga wa manjano tunaouita kitondo. Nasikia wakata miti ya makala (makaa) wakijitetea: "Msuku, mti wa masuku, tumeuacha, matunda mtakula." Hawajasema habari ya uyoga.

Suku lililoiva ukilibana kwa kidole gumba ganda linapasuka, nyama tamu imeng'ang'ania mbegu. Mbegu hizo ukizipanda mapema zinaota, ila zikikauka zimekufa. Tena kuna miti dume na miti jike, kwa hiyo mti mmoja uliobaki shambani unaweza kukaa bila kuzaa.

Kitondo hakina mbegu ya kupanda. Ule mwavuli tunaochuma ni sehemu ndogo tu. Mwili wake ni nyuzi nyembamba udongoni, zimeshikana na mizizi ya miti hai. Uyoga unaupa mti maji na chumvi za udongo, mti unaulipa sukari. Msuku nao ni kati ya miti hiyo, ndiyo maana wanaootesha miche yake huchanganya udongo uliotolewa porini. Wakikata miti yote, kitondo hakitoki hata mvua inyeshe vipi.

Naomba wakuu wa vijiji vya barabara ya kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, watenge vipande vya pori visivyoguswa na shoka, vyenye misuku dume na jike pamoja na miti mingine.

Mama muuza uyoga, Lubumbashi