Kina mama wa vikoba, kabla hamjafungua sanduku nisikilizeni

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea. Nawaandikia nyie wa vikoba kuhusu kansa ya shingo ya kizazi, maana mkikubaliana jambo siku ya hisa huwa linafanyika kweli, kuliko likisemwa redioni.

Mdogo wangu alianza kutokwa damu miaka minne baada ya hedhi kukata. Tukacheka, tukamwambia umerudia usichana. Yeye akawa anaficha, anafua kanga usiku anazianika ndani, hadi siku nimeingia chumbani kwake nikasikia ile harufu nikajua hapa hapana. Tumefika Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar es Salaam, kansa ya shingo ya kizazi imeshasambaa, mionzi ikampunguzia maumivu tu basi. Zile kanga ndo zinaninyima usingizi mpaka leo, tulikuwa tunapita chini yake kila siku na hakuna aliyeuliza.

Hii kansa wanangu haina haraka. Inaletwa na kirusi cha HPV, kinapita kwenye kujamiiana, wengi tunakipata na mwili unakitoa wenyewe, ila kwa wachache kinakaa kimya miaka 15 hata 20 ndo kansa inatokea, na kwa mwenye VVU inawahi. Sasa miaka yote hiyo tunasubiri nini? Ukienda kupima nesi anapaka siki kwenye shingo ya kizazi, ndiyo, siki, anasubiri kama dakika moja, pakigeuka peupe anajua seli zimeanza kubadilika, na mara nyingi wanakutibu siku hiyohiyo kwa kugandisha au kwa joto, jioni uko jikoni kwako. Aibu ya kupanda kile kitanda ipo, sikatai, nami niliisikia, ila ukishavaa imeisha. Wa miaka 30 hadi 50 msingoje dalili. Mwenye VVU aulize CTC, kliniki anakochukulia dawa, yeye anaanza mapema zaidi.

Na mabinti zetu je? Chanjo ya HPV ilianza Tanzania nzima 2018 kwa wa miaka 14, sindano mbili, mwaka 2024 ikawa sindano moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14, na hulipi. Nayajua maneno yanayozunguka eti inafunga kizazi, niliyasikia kwenye foleni ya maji mama mmoja anaapa kabisa mwanawe hachanjwi. Jamani, Rwanda wanachanja tangu 2011, mabinti wale wa mwanzo leo ni watu wazima wananyonyesha. Ila aliyechanjwa naye akikua apime, chanjo haizuii aina zote za kirusi.

Kuna jambo lingine linaniuma. WHO, Shirika la Afya Duniani, wameweka lengo kufika 2030 asilimia 90 ya mabinti wawe wamechanjwa, 70 ya wanawake wamepimwa, 90 ya wenye ugonjwa wametibiwa, lakini huku kwetu upimaji unakuja na kampeni, hema linafungwa Jumamosi, Jumatatu ukienda zahanati unaambiwa nesi aliyesomea hayupo. Mkutano wa mtaa ukiitishwa mmojawenu asimame amuulize diwani, siku ya kupima ni ipi kila wiki na vifaa vipo? Msiishie kuuliza barabara tu.

Alhamisi mkikutana pangeni siku ya kwenda wote pamoja, nauli itoke mfuko wa jamii. Watoto wadogo waleteni kwangu, nitakaa nao mpaka mrudi.