Injini ya dizeli isitangulie ekseli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu picha mliyochapa ya lori la zamani la jeshi lililobadilishwa injini. Boneti iko wazi, dizeli mpya inang'aa, na maelezo chini ya picha yanasema sasa lori hilo linapanda popote. Wengi waliitazama injini. Mimi niliitazama gurudumu la mbele nikahesabu nati: tano. Lori lile ni Dodge M37, na nati tano maana yake ekseli bado ni zilezile lililotoka nazo kiwandani. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi, kwa sababu kosa hilo la kubadili injini na kuziacha ekseli niliwahi kulifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa wasiolijua, M37 ni lori dogo la jeshi la Marekani la robo tatu ya tani, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1951 hadi 1968. Injini yake ya asili ni ya petroli, silinda 6, yenye nguvu za farasi 78. Ni injini mpole na mvumilivu. Difu zake, zile gia za katikati ya ekseli, zina uwiano wa 5.83, yaani propela, ule mhimili mrefu unaoleta mzunguko kutoka kwenye injini, izunguke karibu mara sita ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa injini dhaifu huo ulikuwa mpango wa busara: lori linakwenda polepole lakini linavuta, na likikanyagwa mpaka mwisho hufika kama kilomita 88 kwa saa.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja mwenye M37 alinijia. Injini ya petroli ilikuwa imechoka, inakula mafuta na kuvuja kila mahali. Alikuwa amepata Cummins ya silinda 4, lita 3.9, ile inayoitwa 4BT, ambayo huko Marekani ilifungwa sana kwenye magari ya kusambaza mikate. Nguvu za farasi 105. Anayesikia 78 na 105 huona tofauti ndogo, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Dizeli huitambui kwa farasi zake, unaitambua kwa jinsi inavyosokota. Ile 4BT inatoa kama Nm 360 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kusokota) ikiwa bado kwenye mizunguko 1,600 hivi kwa dakika, kabla hata haijachangamka. Gia ya kwanza ya M37 inazidisha nguvu hiyo mara 6.4. Kwa hiyo kinachofika kwenye pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, ni kama Nm 2,300, na difu nayo inazidisha tena.

Nilimwambia mzee kwamba ekseli zinahitaji kubadilishwa. Akasema, "Mwanangu, tuanze na injini, hizo nyingine zitafuata." Nikakubali. Sikupaswa kukubali.

Kuifunga injini kulikuwa na kazi yake, ila sitaisimulia yote. Ina uzito wa zaidi ya kilo 330 na inatetemeka vibaya, kwa hiyo mipira ya kuishikilia ni lazima iwe laini na mikubwa, la sivyo inapasua mabano ya chesisi. Anayenunua 4BT ya zamani afungue kwanza mbele na kuitafuta pini ndogo ya chuma iliyogongewa kwenye nyumba ya gia za taimingi. Pini hiyo ina tabia ya kujisogeza kwa mtetemo mpaka inadondokea katikati ya gia, na ikidondoka hapo inaweza kuvunja nyumba yote. Kipande cha bati kilichobanwa na bolti mbele yake kinamaliza tatizo. Nimeona injini nzuri zikifa kwa kukosa kipande hicho.

Lori likawaka, likatembea, na kwenye barabara tambarare mzee alikuwa na furaha isiyo kifani. Jambo la kwanza lililotusumbua ni mwendo. Petroli ilikuwa inafika mizunguko 3,200, dizeli hii tulikuwa tunaishia 2,500. Kwa difu ya 5.83 na matairi ya 9.00-16, hiyo ni kama kilomita 69 kwa saa, injini ikipiga kelele mpaka mnashindwa kuzungumza. Tulikuwa tumeongeza nguvu na kupunguza mwendo.

Jambo la pili lilitukuta kwenye mlima. Lori lilikuwa limebeba mchanga, mimi nikiwa kwenye usukani, ekseli ya nyuma peke yake ndiyo inayovuta. Katikati ya mlima nikasimama kumpisha aliyekuwa anashuka. Nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu kabisa, kwa sababu nilishajua ubavu wa injini ile. Pakasikika mlio mmoja mkavu, kama tawi kubwa linavunjika, na lori likaanza kurudi nyuma.

Nilivuta breki ya mkono. Haikushika kitu. Nikarudisha gia, nayo haikushika. Hapa naomba wasomaji wenye malori haya wasome polepole. Breki ya mkono ya M37 haiko kwenye magurudumu, iko kwenye propela, nyuma ya boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Hafushafti, yaani chuma kinachotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu, moja ikikatika, difu ya kawaida inaruhusu upande uliokatika uzunguke bure. Propela unaweza kuifunga upendavyo, magurudumu yataendelea kuzunguka. Kilichobaki ni breki ya mguu, nayo kwenye lori hili ni ya laini moja: bomba likipasuka popote, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Nilikanyaga kwa miguu miwili. Ilishika. Kijana wangu aliruka chini na kusukumia mawe nyuma ya magurudumu, na tukakaa hapo kimya kwa muda.

Tulipoichomoa hafushafti ile, meno ya mwisho wake hayakuwa yamenyooka tena. Yalikuwa yamejisokota kama kamba, safari baada ya safari, bila sisi kujua, mpaka chuma kikachoka. Pale kilipokatikia palikuwa na sehemu nyeusi ya ufa wa zamani na sehemu nyeupe, mpya, ya siku ile. Nimeihifadhi. Kila mteja anayekuja kutaka "injini tu" namwekea mkononi kwanza.

Baada ya hapo tulifanya kile kilichopaswa kufanywa mwanzoni. Tulichukua ekseli za lori la tani moja, Dana 60 mbele na Dana 70 nyuma, zote mbili zikiwa na uwiano wa 4.10. Zote mbili, nasisitiza, kwa sababu mbele na nyuma zikitofautiana, siku utakapounganisha magurudumu manne kwenye ardhi ngumu utavunja boksi. Kwa 4.10, mizunguko ileile 2,500 inatoa kilomita 98 kwa saa. Tulipima kwanza difu ya mbele iko upande gani, ili ilingane na upande inakotokea propela ya mbele. Tulikata vikalio vya springi na kuvichomelea upya, lakini si kabla ya kulishusha lori likalie uzito wake na kuiweka pinioni katika mwinamo sahihi. Vikalio vikichomelewa lori likiwa hewani, spaida, vile viungo vya propela, zitalia na hazitamaliza mwezi. Magurudumu nayo yalibadilika, kutoka nati tano hadi nane, na tukaagana na zile nati za upande wa kushoto zinazofunguliwa kinyume, ambazo zimewakatisha bolti vijana wengi.

Breki ndiyo niliyoisimamia mwenyewe tangu bolti ya kwanza. Diski mbele, ngoma nyuma, masta silinda ya laini mbili, na breki ya mkono inayovuta viatu vya magurudumu ya nyuma yenyewe. Dizeli haitoi vakyumu kama petroli, kwa hiyo busta ya kawaida, ile inayousaidia mguu kukanyaga breki, isingefanya kazi. Tuliweka inayosukumwa na mafuta ya pampu ya stelingi.

Ndugu Mhariri, simjui mwenye lori la kwenye picha wala fundi wake, na kazi yao pale juu ni safi, mabomba yamepangwa vizuri kuliko yangu. Ninachoomba ni mwandishi wako arudi kwao na kuwauliza maswali mawili: difu ni za uwiano gani, na breki ya mkono inashika wapi? Kisha mpiga picha alale chini ya lori atupigie picha ya pili. Na mpaka majibu yapatikane, namsihi mwenye lori asilipeleke mlimani likiwa na mzigo.

Wako,
Fundi wa malori ya zamani