Barua kwa mwanangu: Huyo Walker hakuwa mtembezi

Mwanangu,

Marahaba. Huku wote wazima, isipokuwa goti la mama yako linalomsumbua zikija mvua. Barua yako tumeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti kwa sababu shangazi yako alikuwepo. Uliniuliza naonaje mjukuu wangu akiandikwa Walker kwa ukoo wa mumeo, na jina lenyewe lina maana gani. Shangazi hakuningoja. Kachukua Kiingereza chake cha darasa la saba, katangaza mtaa mzima kwamba umeolewa kwa akina Mtembezi, na unajua neno hilo huku pwani watu wakilisikia wanavyotazamana.

Sasa nisikilize mimi niliyezeekea kwenye cherehani. Walker ni jina la kazi, na kazi yenyewe ni ya nguo.

Zamani huko Uingereza, nguo ya sufu ikitoka kwenye kitanda cha mfumi ilikuwa bado haijawa nguo. Ina mafuta ya kondoo, nyuzi zimeachana, ukiiinua juani unaona upande wa pili. Basi ilitiwa kwenye hori pamoja na maji, udongo laini unaofyonza mafuta, na mkojo. Ndiyo, mkojo wa watu, uliokusanywa majumbani ukaachwa uchache mpaka utoe amonia, kwa sababu amonia inakata mafuta. Halafu mtu anavua viatu, anapandisha nguo zake magotini, anaingia humo na kukanyaga kwa saa nyingi. Unywele wa sufu una magamba madogo sana. Ukilowa na kusuguliwa unashikana na wenzake, nguo inasinyaa, inanenepa, upepo haupiti tena. Ikishaoshwa inawambwa kwenye fremu za mbao kwa kulabu, ikauke imenyooka.

Mkanyagaji huyo, kaskazini na katikati ya Uingereza alikuwa akiitwa walker. Kusini mashariki aliitwa fuller, kusini magharibi tucker. Kwa hiyo ukipanda basi hapo Leeds unakoishi ukawakuta Fuller, Tucker na Walker wamekaa siti moja, jua kwamba huenda wazee wao walinuka harufu moja. Na usiwadharau. Kule Exeter mafundi hao, pamoja na wafumaji wenzao, walijijengea ukumbi wa chama chao mwaka 1471, na mpaka leo umesimama.

Mimi kazi yao nimeishika mkononi bila kujua ni yao. Mteja aliwahi kuniletea koti zito la mtumba kutoka huko kwenu, nimpunguzie mabega. Nikapitisha mkasi, nikangoja nyuzi zichomoke kama kawaida ili nipige ovaloki. Hazikuchomoka. Ukingo ulibaki umekaa kama nimekata ngozi. Nguo iliyokanyagwa sawasawa ndivyo ilivyo, haina haja ya pindo.

Cha kuchekesha ni kwamba jina limedumu kuliko miguu. Kabla ya majina ya ukoo kushika vizuri kwa watu wa kawaida, kinu cha maji kilikwisha kuanza kuwanyang'anya wakanyagaji kazi: gurudumu linazungushwa na mto, linainua nyundo za mbao, nyundo zinaipiga nguo. Katika kumbukumbu za kwanza kabisa za vinu hivyo Uingereza, mwaka 1185, kimojawapo ni cha mashujaa wa Hekalu, wale watawa wapiganaji wa vita vya msalaba, kule Newsam. Ndiyo hiyo Temple Newsam yenye bustani, hapo hapo Leeds. Ukijifungua salama mpeleke mtoto akapunge upepo huko.

Majina ya ukoo yenyewe mwanzoni walikuwa hawana, kama sisi. Mtu alikuwa John tu, au William. Baada ya Wanormani, watu waliotoka Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066, mabwana wakubwa walianza kujiita kwa mashamba yao. Wakulima na mafundi wakafuata taratibu, vizazi kwa vizazi. Kijiji kina akina John saba, karani wa mahakama atawatofautishaje? Anaandika John mwana wa Richard, John wa kilimani, John mkanyagaji. Kisha ikaja kodi ya kichwa, mwaka 1377, 1379 na 1381, na karani akazidi kutaka kujua nani ni nani. Ile ya 1381 ilikuwa shilingi moja kwa kila mtu, wakulima wakaasi. Kiongozi wao alikuwa Wat Tyler, naye jina lake ni la kazi, ya vigae vya paa.

Kwa hiyo hakuna babu mmoja wa akina Walker wote. Kila bonde lenye kondoo na mto lilikuwa na wake. Wengine hata hawahusiani na nguo: karibu na Newcastle kuna mahali panaitwa Walker, penye kinamasi kando ya ukuta wa kale wa Warumi uitwao wa Hadrian, na wapo waliochukua jina la hapo. Ndiyo maana ile picha ya ngao na simba uliyosema mumeo kanunua gulioni, yenye maandishi ya ukoo wa Walker, iangike ukutani kama pambo tu. Ngao kwa sheria yao hupewa mtu na wazao wake, haipewi kila mwenye jina.

Wala jina si rangi. Utumwa umewaachia Wamarekani weusi wengi majina ya Kiingereza. Yule Madam C. J. Walker aliyetajirika kwa dawa za nywele alizaliwa Louisiana mwaka 1867, Sarah Breedlove, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. U-Walker aliupata kwa mume, kama utakavyoupata wewe.

Mimi sina kinyongo. Kwetu jina la mwisho husogea kila kizazi: langu ni la babu yangu, lako ni la babu yako. Lao limesimama pale pale tangu kwenye hori. Mwandikeni Walker. Ila katikati, kati ya jina lake na hilo, mtieni jina la marehemu baba yangu, hata akiwa wa kike. Sheria ya huko inawapa siku 42 za kumwandikisha, msiziache zipite mkibishana.

Na ukipata mtu wa kumtuma, niletee kipande cha sufu nzito, yadi moja yatosha. Shangazi yako haamini habari ya mkasi.

Baba yako