PSA yako imepanda? Njoo na karatasi zote, tupige hesabu

Wengi wanaotujia kwa MRI ya tezi dume, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, hufika na karatasi moja mkononi. Ni majibu ya kipimo cha damu: imeandikwa PSA, kando yake tarakimu, na alama kwamba imepita kiwango. Wengine hawajalala siku mbili. Swali huwa lile lile: "Ndiyo saratani hiyo?" Karatasi ile peke yake haiwezi kujibu.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yoyote, iwe nzima au iwe na ugonjwa. Tezi ikikua kwa umri, ikipata maambukizi, au mtu akiwa ametoka kuwekewa mpira wa mkojo, PSA hupanda. Zipo pia dawa za tezi iliyokua ambazo huishusha. Aliyemeza finasteride au dutasteride kwa miezi kadhaa, PSA yake hushuka hadi karibu nusu, kwa hiyo 3 yake huenda ni 6 ya mwenzake. Ndiyo maana tunakusisitizia uje na dawa zako zote, hata zile unazoziita "za mkojo tu".

MRI inatupa mambo mawili. La kwanza wengi wanalijua: kama kuna sehemu ya kutilia shaka. Sehemu hiyo hupewa alama ya PI-RADS, kuanzia 1 hadi 5. Alama 1 na 2 shaka ni ndogo, 4 na 5 ni kubwa, na 3 ni njia panda. La pili ni ukubwa wa tezi, na kwetu sisi lina uzito uleule. Tunapima urefu, upana na kina kwa sentimita, tunazidisha vyote, kisha mara 0.52, tunapata ujazo. Ukigawanya PSA kwa ujazo huo unapata msongamano wa PSA.

Chukua wanaume wawili. Wote wana PSA ya 6, wote wamepata PI-RADS 3. Wa kwanza tezi yake ni mililita 75, msongamano wake 0.08. Wa pili ana mililita 30, msongamano 0.20. Mpaka unaotumika sana ni 0.15. Kwa yule wa kwanza, ukubwa wa tezi unatosha kueleza PSA yake, na daktari anaweza kumwambia asubiri, arudie kipimo baada ya miezi kadhaa. Wa pili ana tezi ndogo inayomwaga PSA nyingi, na huyo tungependa achukuliwe kinyama mapema, yaani kipande kidogo cha tezi kikapimwe maabara.

Kwa nini tusiiachie picha peke yake? Utafiti wa PROMIS uliotoka Uingereza mwaka 2017, wenye wanaume 576, ulionyesha MRI inanasa asilimia 93 ya saratani hatari, wakati uchukuaji wa vinyama wa mtindo wa zamani ulinasa asilimia 48. Ni tofauti kubwa mno. Lakini kati ya wasio na saratani hatari, picha iliwatoa shakani asilimia 41 tu. Waliobaki walitiwa hofu bure. Na kuchukua vinyama kuna damu, kuna hatari ya maambukizi, na wakati mwingine huibua saratani ya polepole ambayo isingemdhuru mtu maishani mwake.

Hapo ndipo historia yako inapoingia. Baba au ndugu yako wa kiume akiwa aliugua, hatari yako ni kama mara mbili. Umri, asili ya Kiafrika, mabadiliko ya jeni ya BRCA2, na uvimbe mgumu ambao daktari ameuhisi kwa kidole, vyote vinaongeza uzito. Tafadhali uliza nyumbani kabla ya kuja. Mara nyingi "baba alisumbuliwa na mkojo" ni saratani ambayo haikutajwa kwa jina.

Kama ulishachukuliwa vinyama, subiri angalau wiki sita, maana damu iliyobaki huchafua picha. Kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au chuma mwilini, tuambie unapopanga miadi.

Ripoti yetu hubeba PI-RADS, ujazo na msongamano, na uamuzi unabaki kwako na daktari wako wa mfumo wa mkojo. Ukiwa na MRI ya kwingine ambayo ripoti yake haikutaja ujazo, lete CD yenye picha. Tutaupima hapohapo bila kukurudisha kwenye mashine.