Hizo dola usizitume kwanza

Kaka za masiku, shemeji na watoto wazima? Huku tupo, tunasahihisha mitihani tu.

Ile imeili uliyonifowadia, ya jarida linalotaka kuchapisha pepa yako ya utafiti, nimeisoma yote. Sasa kaka, watu wanakuita Profesa Mashuhuri na wewe ni mhadhiri msaidizi, wanakuahidi pepa itapitiwa na kutoka ndani ya siku tano, halafu kule chini kabisa ndo wanataja dola za ada ya kuchapisha, na hujashtuka? Wataalamu wanaopitia pepa kabla hazijachapishwa wengi hawalipwi hata senti na wana madarasa yao, nani ataisoma ya kwako vizuri kwa siku tano?

Ngoja nikupe kisa. 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alitunga pepa ya uongo eti kuna kemikali ya asili inazuia seli za kansa kukua, akaweka majina ya kubuni, mojawapo Ocorrafoo Cobange, wa taasisi ya Asmara ambayo haipo duniani. Akatuma kwenye majarida 304, na 157 yakakubali! Na makosa hakuyaficha, seli zilizopewa dawa zilipewa na pombe ya kutosha, zile za kulinganishia hazikuonja hata tone, sasa zilizoacha kukua zimezuiwa na dawa au na pombe? Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaona.

Ila mimi wenye majarida siwalaumu sana, wale wapo kibiashara. Hasira zangu ziko kwa kamati za kupandisha vyeo vya wasomi, zinahesabu pepa kama karani anavyohesabu magunia, ndani kuna mahindi au pumba hakuna anayefungua. China madaktari wa hospitali wanaoshinda na wagonjwa kutwa walikuwa wanadaiwa pepa ili wapande cheo, vyuo navyo vinatoa bonasi ya hela mpaka serikali ikazikataza 2020, unategemea nini hapo? Vikazuka viwanda kabisa vya pepa, data za kupika, picha za kukopi, na nafasi ya jina lako inauzwa, ukitaka liwe la kwanza unaongeza hela. Kampuni ya uchapishaji ya Wiley iliinunua Hindawi, wachapishaji wenzao wa majarida, 2021 kwa kama dola milioni 298, kumbe yale matoleo maalum yenye wahariri wa kualikwa yalishaingiliwa na hivyo viwanda, 2023 wakafuta pepa zaidi ya 8,000. Na kabla ya kufutwa kuna watu walishazitumia kwenye kazi zao, tena hata za tiba.

Yako mimi inaniuma kwa sababu ni kazi ya kweli, umezunguka visima vya Singida na chupa zako kupima floraidi, ile inayoharibu meno ikizidi kwenye maji, watu wanakunywa yale maji, halafu uende kuizika huko ambako kesho mtu akiona jina la jarida haendelei kusoma. Najua tangazo la vyeo linakaribia na bosi anakusukuma, lakini majarida mengi ya maana yanasamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi kama zetu, ulizia kabla hujatuma, hata kama jibu litachukua miezi.

Afu jedwali la pili kwenye pepa yako, visima viwili vina namba sawa mpaka desimali ya mwisho. Cheki daftari lako la fildi kama hukukopi mstari kwa bahati mbaya, kisha nitumie tena niimalizie wikiendi.