Barua kwa binti yangu mpiga picha

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na furaha uliyokuwa nayo nimeisikia kabla hujafika kwenye habari yenyewe. Harusi ya misa, kwenye kikanisa cha zamani cha misheni kando ya ziwa, wiki chache baada ya Pasaka. Unauliza ubebe lenzi gani. Nitakujibu, ila kwanza tuongee kuhusu misa, maana kwenye harusi ya kanisani ratiba ya misa ndiyo inayokwambia usimame wapi, na saa ngapi.

Msimu wenyewe unaujua. Kwaresima parokia nyingi hazifungishi ndoa, kwa hiyo Pasaka ikipita maharusi wanapanga foleni, na masika nayo yanakuwa yamekolea. Mawingu yakitanda juu ya kikanisa chenye kuta nene na madirisha membamba, mchana wa saa nane unaona kama magharibi imeingia. Mvua ikigonga bati hata kiapo hakisikiki, basi angalia midomo yao ili ujue wamefika wapi. Lakini msimu huu una zawadi yake: mshumaa wa Pasaka unasimama karibu na altare mpaka Pentekoste. Uingize kwenye picha.

Watu wa huku wanayaheshimu sana majengo hayo. Mapadre Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, walianza misheni ya Bukumbi, huku kwetu Mwanza, mwaka 1883, na Kabaka (mfalme) Mwanga wa Buganda alipopinduliwa mwaka 1888 aliishia kuhifadhiwa kwao pale pale Bukumbi. Kwa hiyo kwenye benchi la mbele utamkuta bibi ambaye mama yake alibatizwa na mapadre wa zamani, na atakuangalia wewe kuliko anavyomwangalia bwana harusi. Vaa suruali nyeusi au gauni refu, na viatu visivyogonga sakafu.

Ijumaa nenda ukamwone paroko, au katekista kama paroko yuko vigangoni. Muulize mwisho wako ni wapi. Wengine wanakuruhusu kufika karibu na ngazi za altare, wengine hawataki kukuona mbele ya benchi la kwanza. Usibishane. Ukiwa pale, washa taa za kanisa upige picha mbili tatu za majaribio. Shata ya kimya, ile ya kielektroniki isiyotoa mlio, ni neema wakati wa sala, ila chini ya baadhi ya taa za LED inaleta michirizi ya giza, na kwenye kioo kidogo cha kamera huioni mpaka uikuze.

Sasa sikiliza hapa. Kwa mafundisho ya Kanisa letu wanaopeana sakramenti ya ndoa ni maharusi wenyewe. Padre anapokea ridhaa yao kwa niaba ya Kanisa, na lazima wawepo mashahidi wawili. Ndiyo maana sipendi albamu iliyojaa mgongo wa padre. Nataka nyuso za wale wawili, na nyuma yao wasimamizi waonekane, kwa sababu bila mashahidi ndoa hiyo haijakamilika.

Kwenye pete wapiga picha wengi wanachemka. Kwa kawaida bibi harusi anasimama kushoto kwa bwana harusi. Wakigeukiana, mkono wake wa kushoto unakuwa upande wa altare, kwa hiyo pete yake inavishwa upande ambao waumini hawauoni vizuri. Pete ya bwana harusi ni kinyume chake, inavishwa upande wa waumini. Basi anza ukiwa pembeni mbele, usawa wa bega la padre, upate pete ya kwanza. Kisha rudi taratibu kuelekea mabenchi upate ya pili. Una sekunde chache tu katikati, na zinatosha kama umejipanga. Niliwahi kumshuhudia mpiga picha mmoja akiwaamuru maharusi wavue pete warudie kwa sababu hakupata. Padre alinyamaza, kanisa zima likanyamaza. Ukiikosa, imepita. Piga mikono ikiwa imetulia, inatosha.

Kengele ya mageuzi, pale padre anapoweka wakfu mkate na divai, ikilia, shusha kamera upige magoti kama wengine. Sijawahi kusikia bibi harusi akidai picha ya hapo.

Flashi ibaki kwenye begi mpaka mtoke nje. Fungua lenzi mpaka 2.8 au namba ndogo zaidi, panda ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 3200 bila woga, na wakiwa wanatembea kasi ya shata isishuke chini ya 1/125 ya sekunde. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa watu wanazizoea. Picha iliyotikisika hakuna anayeitundika sebuleni. Halafu gauni. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Pima mwanga usoni kwake. Sisi wa enzi za mikanda ya picha 36 tulijua matokeo siku picha zikisafishwa. Wewe una kioo, kitumie, lakini si katikati ya mahubiri.

Baada ya kusaini vyeti, matarumbeta yataanza na kamati itataka kuwakimbiza ukumbini. Hapo uwe mkali kwa adabu. Ongea na mwenyekiti wa kamati mapema, akutengee nusu saa ufukweni. Kwetu Mwanza jua la utosi linafika karibu saa saba, na mwezi wa nne linazama kama saa kumi na mbili na dakika hamsini. Wafikishe majini saa kumi na mbili, uwaweke kwenye mawe yenye kivuli, na mwambie mpambe ashike pindo la gauni, maana tope la masika halitoki kirahisi.

Lenzi: beba ile yako ya 24-70 na milimita 50 yangu, inayofunguka mpaka 1.8. Ipo kabatini kwa mama yako, kwenye kopo la maziwa la zamani. Inaingia kwenye kamera yako, nilishaijaribu. Pitia Ijumaa ukitoka kwa paroko, na usije mikono mitupu. Mama yako anasema sato wa sokoni siku hizi anamsikia redioni tu.

Baba yako.